Mdogo wako si kinda la kekeo

Mwanangu, marahaba. Voisi yako niliisikiliza usiku nikiwa nasahihisha madaftari ya form two, asubuhi nikairudia tena njiani kwenda shule, nikaona hili jambo siwezi kulijibu kwa voisi na mimi, ngoja nikae niandike. Soma ukiwa umetulia, usisome huku unachati na watu watatu.

Klipu uliyonitumia pia nimeiona. Kandege kadogo kamesimama mgongoni kwa kinda mkubwa kuliko kenyewe, kanamlisha mdudu, kichwa chote kinazama ndani ya lile domo la rangi ya chungwa, afu we ukaandika chini yake "mama, hapa si ndo nyumbani kwetu kabisa?". Nimeelewa ulimlenga nani. Ulimlenga mdogo wako, mtoto wa marehemu mama yako mdogo, kwa sababu ada yako ya semista ilichelewa na wiki hiyo hiyo ukaona kwenye status yangu picha yake ana yunifomu mpya na begi. Sijakasirika mama, kweli sijakasirika, ila nimeumia kidogo kwa sababu umetumia mfano ambao hauendani, na mimi hao ndege ndo ninaowafundisha na ndo ninaowaangalia kila siku pale uani, sasa acha nikueleze vizuri wao wanafanyaje, afu ya nyumbani nitayafikia.

Huyo kinda wa kwenye klipu ni kekeo wa Ulaya, yule ndege Waingereza wanamuita cuckoo. Kale kanakomlisha ni kandege ka kwenye matete, uzito wake kama gramu 12 tu, na kinda la kekeo anaweza kukaribia gramu 100 kabla hajaruka, kwa hiyo hujaongeza chumvi, kweli anayelishwa anampita anayelisha mara nyingi tu. Jike la kekeo hajengi kiota maisha yake yote. Anavizia mwenyewe katoka, anashuka, anachukua yai moja anakula au anaondoka nalo, anataga la kwake hapo hapo na kupaa, yote hayo ndani ya sekunde 10 hivi. Afu kinda wake akianguliwa, hana nyoya hata moja, macho bado yamefumba, anajisogeza kinyumenyume mpaka yai la mwenye nyumba linakaa mgongoni kwake, anakanyaga kuta za kiota, anapanda nalo hadi ukingoni, analitupa. Anarudi kuchukua lingine. Na kama wenzake wameshaanguliwa anawatupa wao wazima wazima. Mgongoni ana kashimo kabisa ka kubebea, kanapotea akikua kidogo.

Hilo la kutupa wenzake aliyeliandika kwa kuliona kwa macho ni Edward Jenner, ndo yule yule wa chanjo ya ndui, we si unamkumbuka, nilikuwa nakuuliza maswali yake ukiwa unamenya viazi. Aliandika mwaka 1788, miaka 8 kabla hajamchanja yule mtoto mwaka 1796, na watu walimbishia muda mrefu sana maana walisema haiwezekani kitoto kipofu cha siku moja kifanye unyama wa namna ile.

Sasa swali lako kwenye voisi lilikuwa "kwani huyo ndege mama haoni?" Anaona. Ila ndege wengi wanajua kiota chao, hawana haja ya kumjua mtoto kwa sura. Kilichomo kwenye kiota changu kikifunua mdomo na kulia, nakilisha, basi. Na kwa kawaida hiyo inatosha kabisa, maana nani mwingine atakuwa kwenye kiota chako? Kuna watafiti wa Cambridge kule Uingereza, Nick Davies na Rebecca Kilner na wenzao, walijiuliza kekeo mmoja anawezaje kupewa chakula cha makinda wanne. Wakachukua kinda wa ndege mwingine mwenye ukubwa sawa na kekeo wakamweka kwenye kile kiota kidogo, wale walezi wakamlisha ila hawakumletea chakula kingi kama wanachomletea kekeo. Wakaweka spika kandokando ikapiga sauti ya kekeo, hapo hapo walezi wakaongeza kasi ya kuleta wadudu. Kumbe kinda la kekeo halii kama mtoto mmoja, analia haraka haraka mfululizo kama kiota kizima cha watoto wenye njaa, kwa sababu mdomo ni mmoja tu, hauwezi kuonekana kama midomo minne, basi upungufu wa mdomo anaufidia kwa kelele. Matokeo yao yalitoka 1998 na 1999. Mimi kila nikisoma hiyo habari nashangaa upya.

Haya, tuje uani kwetu Nyegezi, maana huna haja ya kwenda Ulaya.

Ule mgunga wa karibu na korongo bado upo na mnana wamejaa kama kawaida, mvua za vuli zilivyoanza tu wamerudi na makelele yao kuanzia saa 12 asubuhi. Migomba yetu wameshaichana yote, dume anauma ukingo wa jani, anaruka nalo, linachanika ukanda mrefu mwembamba kama kamba, anaenda kufuma. Akimaliza anajining'iniza chini ya kiota kichwa chini miguu juu, anapiga mabawa yale ya njano, anaita majike. Jike anakuja, anaingia ndani, anavutavuta zile nyasi kwa mdomo kuona kama zimekaza, asiporidhika anaondoka zake. Kiota kikikataliwa mpaka kikakauka rangi ya kahawia dume mwenyewe anakibomoa anaanza upya. Hiyo ndo maana chini ya mti pale kila siku kuna takataka zinazokukeraga ukija likizo ukiambiwa ufagie.

Na kwenye mti huo huo anakuja kekeo wetu sisi, mdogo, mgongo wa kijani wa kung'aa kama shaba, jicho la dume jekundu. Sauti yake umeisikia tangu mdogo bila kujua ni ya nani, ile ya "dii-dii-dii-deriki" inayopanda afu inashuka, anaianza mvua zikikaribia. Yeye anawalenga mnana na ndugu zao. Jike anapenya kwenye kiota anataga yai linalofanana na ya mwenye nyumba, na kinda wake naye anatupa wenzake kama yule wa Ulaya.

Ila mnana si bwege, na hapa ndo napenda sana. Kila jike la mnana ana rangi yake ya mayai. Mmoja anataga meupe, mwingine ya bluu, mwingine ya kijani, mwingine yana madoa mekundu mekundu, mwingine hayana doa hata moja, na ya kwake yanafanana yote na anaendelea kutaga hivyo hivyo maisha yake. Kwa hiyo kekeo akitaga la kijani lenye madoa kwenye kiota cha mama wa mayai meupe, mama akirudi anajua papo hapo, analidaka lile yai la kigeni na kulitupa nje. Kekeo anacheza bahati nasibu. Mwezi uliopita mdogo wako aliniita nikaangalie, kaokota yai chini ya mgunga limepasuka upande mmoja, la bluu ya kukolea halina doa, na pembeni ya mizizi kuna maganda mengine meupe yenye vidoa kama kutu, akaniuliza mama mbona mti mmoja mayai hayafanani, ina maana humo juu kuna ndege wa aina mbili? Darasa la sita huyo. Mimi nina wanafunzi wa form four hawajawahi kuniuliza swali kama hilo.

Nikamueleza habari ya visiwani. Mnana hao hao walipelekwa na watu kisiwa cha Mauritius zaidi ya miaka 100 iliyopita, na kile kisiwa chenye nchi za Haiti na Jamhuri ya Dominika zaidi ya miaka 200 iliyopita, na huko kekeo huyu wa kijani hayupo. Mwanasayansi mmoja wa Marekani anaitwa David Lahti akaenda kupima mayai yao, akatoa majibu mwaka 2005. Akakuta huko visiwani majike wameanza kufanana mayai wao kwa wao, na ndani ya kiota kimoja mayai yameanza kutofautiana. Yaani ule umakini wa "haya ni yangu, lile si langu" unalegea pale ambapo hakuna mwizi. Mdogo wako akanyamaza muda mrefu, afu akasema kwa hiyo ni kekeo ndo kawafundisha kupaka rangi.

Sasa usidhani kila ndege anayelelewa na mwingine ni muuaji. Hapo ndo mfano wako unaanza kukataa. Kuna yule dume mweusi na mweupe mwenye mkia mrefu kuliko mwili wake, mdomo mwekundu, anayecheza hewani mbele ya jike kwenye majani ya kule chini Luchelele. Jike lake naye hajengi, anatagia kwenye viota vya vile vindege vidogo vya kijivu vyenye mdomo mwekundu na mstari mwekundu unaopita kwenye jicho, vinavyotembea makundi makundi kwenye nyasi. Lakini kinda wake hatupi mtu. Anaanguliwa pamoja na wenye nyumba, analishwa pamoja nao, wanakua pamoja, wanatoka pamoja. Ukifungua mdomo wao, sijui kama ulishawahi kuchungulia, ndani ya kinywa cha wale makinda kuna madoa na vijipele vyeupe na bluu vimepangwa kwa mpangilio maalum, kila jamii na mpangilio wake, na huyo mgeni naye kinywani ana mpangilio ule ule wa wenyeji wake, maana mzazi akishuka kwenye kiota chenye giza anachoona ni yale madoa tu.

Ndugu yao mwingine ni mweusi tii mwenye miguu myekundu, huyo analelewa na vile vindege vyekundu vinavyokuja mpaka mlangoni kuokota chenga za mchele ukipepeta. Dume huyu akiwa mdogo anamsikiliza baba mlezi anavyoimba na akikua wimbo anaouimba ni ule wa baba mlezi. Jike naye akikua anamtafuta dume anayeimba wimbo wa nyumba aliyolelewa, na anatafuta kiota cha jamii ile ile kutaga. Mmarekani Robert Payne alitumia miaka mingi sana Afrika kufuatilia hilo. Mimi ukinilazimisha nichague ndege wa kumfananisha na mtu aliyelelewa nyumba ya ndugu, ningemchukua huyu kabla ya kekeo, ila hata huyu sitaki, na sababu nitakwambia.

Kuna kundi la tatu ambalo watu wengi hawalijui, nalo hamna udanganyifu wowote ndani yake. Ni ndege wanaolisha watoto wa wengine bila kutagiwa yai. Inatokea kwenye bustani za watu huko duniani na imeandikwa mara nyingi. Jozi mbili za jamii tofauti zimejenga viota karibu karibu sana, mmoja akapita na mdudu akasikia kelele za jirani, akashindwa kupita, akampa. Au viota viwili vimekuwa kimoja na wazazi wote wanne wanalisha wote. Au dume mke wake bado anaatamia, yeye hana kazi ila mwili umeshaamka, anaanza kulisha makinda ya jirani. Au mzazi kafiwa na watoto. Mwilini mwake ile homoni ya kulea, prolaktini, bado iko juu, haizimiki kama taa kwa sababu paka kapita, kwa hiyo ana mdudu mdomoni na hana wa kumpa, na hapo ukutani kuna mtoto wa mtu analia. Kule North Carolina Marekani kuna kadinali, ndege mwekundu wa bustani, alikuwa anakuja ukingoni mwa kidimbwi analisha samaki, wale samaki wa mapambo wa rangi ya dhahabu, walikuwa wanainua midomo juu ya maji wakisubiri kulishwa, na yeye anaweka chakula mle. Picha yake ipo. Wanafikiria alikuwa kapoteza makinda wake na ile midomo iliyoachama ikamtosha.

Na mimi nimeona kwa macho yangu, sikusoma. Shore walijenga kwenye ua la jirani, lile la maua ya zambarau lenye miiba, paka akapanda usiku akamaliza wote. Asubuhi wale shore walilia pale mpaka mtu unaona vibaya. Baadaye, nipo naanua nguo, kinda wa shomoro katoka kwenye bati la kwetu kabla ya wakati, kakaa juu ya tofali anatetemeka mabawa na kulia vile vya kukatakata, na yule shore akatua mita moja kutoka kwake, mdomoni ana kiwavi cha kijani kinachojinyonganyonga. Akageuza kichwa huku, akageuza kule. Akaruka mara moja, akaruka tena, akamsokomezea kile kiwavi. Shomoro mama naye akaja na mchwa, akakuta mwanae ana kitu mdomoni. Hawakupigana. Niliacha nguo kwenye kamba nikasimama tu pale.

Sasa ya nyumbani.

Kinda la kekeo anaingia nyumba ya mtu kwa siri na mwenye nyumba hajui. Mdogo wako aliingia nyumba hii mchana, kwa mlango wa mbele, na mimi ndo niliyemshika mkono kumtoa msibani Sengerema mpaka kivukoni, kipindi hicho daraja la Kigongo hadi Busisi bado, tukapanda kivuko anatetemeka maana hajawahi kupanda. Baba yake yuko visiwani kwenye mitumbwi, anahama na samaki, wewe ulitaka mtoto wa miaka minne alale kambini na wavuvi? Baba yako nilimuuliza kabla, akasema mlete. Wewe nilikuuliza pia, ulikuwa darasa la sita kama yeye alivyo sasa, ukasema atalala kitanda changu upande wa ukutani asidondoke. Sikulazimishwa wala sikupigiwa kelele na mtu. Yule kandege ka kwenye klipu hakakuchagua, mimi nilichagua, na ningeulizwa leo ningechagua hivyo hivyo. Ndo maana nakwambia hata yule wa wimbo wa baba mlezi simtaki kwenye mfano huu, maana mama yake alitaga akaondoka zake. Mama yako mdogo hakumtupa mtoto wake. Siku za mwisho alikuwa hawezi kuongea vizuri na bado anauliza kama mtoto amekula.

La pili, kinda la kekeo anatupa wenye nyumba. Nionyeshe ulichotupiwa nje. Ada yako ilichelewa kwa sababu mkopo wa saccos ulichelewa kutoka, nilijaza fomu mapema kabisa wakanizungusha, hata ningeuza begi la mdogo wako na yeye mwenyewe asiende shule ile hela isingefika hata robo ya ulichokuwa unadaiwa. Yunifomu ni elfu 35, nguo ya zamani ilishapasuka magotini. Begi nimelichagua mtumba Mlango Mmoja elfu 8, zipu nimeibadilisha kwa fundi. Nakutajia hizi bei kwa sababu we ni mtu mzima, uko mwaka wa pili, una haki ya kujua hela ya nyumbani inaenda wapi, na ukitaka hesabu yote ya mwezi nitakutumia, sina cha kuficha. Lakini ukitaka kujua kama upendo umepungua upande wako, hapo naomba uniulize mimi moja kwa moja, piga simu usiku nikiwa nimetulia, usiniulize kwa kupitia ndege.

Na ninajua kuna kitu kingine kwenye ile voisi hukukisema. Ulivyokuja likizo ulikuta chumba chako kimehamwa, vitabu vyake viko kwenye meza yako na michoro yake imebandikwa ukutani ulipokuwa umebandika ratiba yako. Hiyo nimeielewa na una haki nayo. Mtu akirudi kwao anataka akute pake. Nimeongea na fundi seremala hapa Buhongwa, nitamtengenezea mdogo wako meza ndogo ya kukaa sebuleni chini ya dirisha, mbao ninazo zilibaki za kenchi, kwa hiyo ukija Desemba meza yako utaikuta tupu. Michoro nimemwambia aihamishe, ameihamisha mwenyewe bila kununa, ila mmoja aliomba aache na mimi nikamruhusu, ule wa kinywa cha kinda, ameweka vidoa kwa kalamu ya bluu. Ukikukera nitautoa.

Kitu kingine, na hiki usikipuuze. Ulisema kwenye voisi kwamba hapo hosteli kwenu kuna kiota dirishani na wenzako wanataka kumtoa kinda mmoja kwa sababu ni mkubwa kuliko wengine, wanasema ni kekeo. Wazuieni. Kwanza makinda wa kiota kimoja hawaanguliwi siku moja kila mara, aliyetangulia anakuwa mkubwa, hilo ni la kawaida kabisa, na kekeo wa aina ile ya kutupa wenzake angekuwa peke yake ndani, msingekuta wengine wakubwa kwa wadogo. Pili hata kama ni kekeo, naye ana kazi yake, hao ndo wanaokula viwavi vya manyoya ambavyo ndege wengi hawavigusi. Na mkikuta kinda kadondoka chini ana manyoya tayari na anarukaruka, muacheni au mumsogeze kichakani mbali na paka, wazazi wake wanamuona na wataendelea kumlisha, hayo maneno ya kwamba ukimgusa mama anasusa kwa sababu ya harufu ya mtu hayana ukweli, mama hamsusi mtoto kwa harufu. Akiwa hana manyoya kabisa mrudisheni kwenye kiota taratibu. Msimlishe maziwa wala mkate mliolowanisha, mnamuua.

Jirani yetu, yule wa nyumba ya mawe, aliwahi kuniambia mbele ya mdogo wako kwamba mtoto wa ndugu ukimlea anakuja kukuzika ukiwa hai. Nilimjibu siku hiyo na sitarudia nilichomjibu. Lakini mtoto alisikia, na kwa wiki nzima alikuwa anakula kidogo, anasema ameshiba wakati najua hajashiba, mpaka nikaanza kumpakulia mwenyewe na kukaa naye mpaka amalize. Kwa hiyo ile klipu yenye yale maneno, naomba ifute kwenye status yako leo leo. Namba yako anayo kwenye simu ya baba yake, na kila baba yake akija kutoka visiwani wanakaa wanaangalia status zako wote wawili, anamuonyesha "huyu dada yangu yuko chuo Morogoro".

Mzigo nimeupakia kwenye basi hapa stendi ya Nyegezi, mwite konda kwa ile namba niliyokutumia, atashusha Msamvu alfajiri kwa hiyo usilale. Kuna dagaa wa kukaanga kopo moja, sato wawili wakavu nimewafunga kwenye gazeti, unga wa muhogo na zile karanga. Dagaa gawana na mwenzako wa chumba. Hela ya matumizi ntakutumia tarehe mshahara ukiingia.

Ukishafuta ile klipu mpigie mdogo wako Jumapili mchana baada ya ibada, ana swali la yale mayai ya bluu nimeshindwa kumjibu vizuri, na we umesoma jenetiki juzi juzi tu.

Mama yako.